Haradali Isiyowasha

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Kabla hujaniuliza: nakula, nalala, na miguu haivimbi tena tangu ninunue viatu vya soli nene. Jikoni tuko sita, tunawapikia wanafunzi wa uuguzi mia moja na arobaini, na mpishi mkuu bado tunamwita Afande, maana hapa hata chumvi inatiwa kwa amri. Wewe je? Ile homa ya Desemba imekwisha kabisa? Na mtaani bado wanakuita Fundi Fumua, au siku hizi kuna mwanafunzi wako aliyewahi kushona mshono ukaupitisha mara ya kwanza?

Simu najua huitaki, unasema mtu hawezi kufikiri huku ameshikwa sikio. Haya, nimenunua kalamu.

Sasa jambo lililonifanya niketi. Chupa yangu ya haradali imekwisha. Juzi nimeisuuza kwa siki nikainywa ile siki, ndiko nilikofika. Nilikuwa nangoja chupa mpya kama kila mwaka, kumbe Baba ananiambia mwaka huu hukutengeneza. Shangazi! Tangu nijue kula yai la kuchemsha nimelila na haradali yako. Kuna nini?

Halafu kuna hili. Nyuma ya chumba cha kufulia hapa bwenini, kati ya kamba za nguo na ukuta, kuna kiwanja kitupu kimejaa maua ya manjano. Nahisi ni haradali mwitu, ile ile uliyokuwa ukichuma nyuma ya karakana. Nilikuwa nakufuata na kikapu, ila kazi yangu ilikuwa kutafuna njiani, sikuwa natazama. Nifundishe kuitambua. Kama hutengenezi wewe, nitatengeneza mimi, na safari hii chupa itoke huku ije huko.

Binti yako,
Kijiko


Tarehe 21 Februari

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Barua imefika na doa la mafuta pembeni, nikajua kweli imetoka jikoni. Baba yako mzima, analalamikia goti lake lakini kwenye kochi anainuka upesi sana akisikia sahani. Dirisha la duka nimelitia kioo kipya, sasa naona uzi mweusi hata jioni. Homa ilikwisha zamani, usinizeeshe.

Haradali sikutengeneza kwa sababu kinu kimepasuka. Basi, tusirudi hapo.

Hayo maua yako. Kwanza, kaa chini. Mtu anayetambua mmea akiwa amesimama ni sawa na anayeoa kwa picha. Chukua ua moja na sindano. Hesabu petali: ziwe nne, mbili mbili zikitazamana, kama mshono wa msalaba. Kisha fungua katikati kwa ncha ya sindano. Utakuta vijiti sita vyembamba vyenye vumbi la manjano kichwani. Vinne virefu, viwili vifupi. Usihesabu sita ukaridhika, pima na urefu. Nimefungua maua hayo miaka thelathini na mbili na sijakuta hata moja lililokosea. Mimi mwenyewe nimewahi kumshonea mtu mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, lakini gugu lile, lisilo na mwalimu wala futi ya kupimia, halijakosea. Kila mwaka nashangaa upya.

Halafu tazama shina. Juu kabisa maua yanafunguka, chini yake tayari kuna maganda membamba yanayolizunguka shina kwa zamu, kama ngazi ya mzunguko. Juu bado wanachumbiana, chini wameshazaa. Majani ya chini ni makubwa, yana mikato mirefu na malaika, yaani vinyweleo, vinavyokwaruza mkono. Ya juu ni madogo.

Mwisho kabisa ni kusugua jani na kunusa. Hilo sikuelezi, pua unayo.

Na chumba cha kufulia! Maji ya sabuni yanatokea wapi? Na nani anapiga dawa ya magugu hapo? Mmea unaweza kuwa wenyewe kabisa na bado ukakulaza. Muulize mwenye funguo kabla hujagusa jani.

Shangazi yako


Tarehe 14 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Afande amenipandisha kutoka masufuria hadi mboga, ndiyo maana nimechelewa kuandika. Mikono ina vitunguu mpaka kwenye kiwiko.

Nimeuliza kama ulivyoniagiza. Mama wa kufulia, mtu mpana mwenye bunda la funguo kiunoni, alinipeleka mwenyewe akanionyesha bomba la maji machafu: linatokea upande wa barabara, mbali kabisa na kiwanja. Dawa hawapigi. Akasema, “Dawa ya nini? Nina mikono.” Basi nikaketi chini, pale pale kati ya mashuka, na sindano yako uliyonipa nikihama.

Shangazi, vinne virefu, viwili vifupi! Nikafungua la pili. Vinne virefu, viwili vifupi. Nilifungua maua ishirini, nikapiga kelele mpaka mama wa kufulia akaja kuuliza kama nimeumwa na mdudu. Nikamwonyesha. Naye akafungua matano. Ameyaanikia nguo juu miaka tisa na hajui yana mpangilio wa namna hiyo. Nilikufikiria sana hapo. Wewe uliona peke yako, bila kuambiwa na mtu, ukiwa na sindano tu mkononi. Sijui kama nimewahi kukwambia kwamba nakustaajabia. Sasa nimesema.

Nilisugua jani nikanusa, pua ikafunguka. Nikachuma majani machanga, nikayachemsha kidogo, nikamwaga maji, nikakaanga na kitunguu. Afande alionja akiwa amekunja uso. Akarudi na sahani.

Nakutumia maua mawili niliyoyabana ndani ya kitabu cha bohari ya jikoni. Niambie kama yote ni yenyewe, maana moja nililitoa kwenye kona ya ukuta.

Na hicho kinu. Unasema kile cha jiwe? Kilichomwangukia fundi bomba mguuni, kidole kikavunjika na kinu kikabaki kinatucheka? Hicho ndicho kimepasuka?

Kijiko


Tarehe 2 Aprili

Kijiko,

Marahaba. Tuko salama. Nina magauni manane ya wasimamizi wa harusi na kila mmoja anataka kiuno ambacho hana.

Ua la kwanza ni lenyewe. La pili, lile la kona ya ukuta, lina petali tano. Tano! Tena zinang'aa kama zimepakwa nta. Limenyauka, limebanwa, na bado nimelihesabu nikiwa nimesimama. Silijui jina. Nisiyemjua simweki mdomoni, na wewe usimweke. Nimekuitia mwizi hapa peke yangu dukani, mteja akadhani nimeibiwa. Fumua, anza upya: kila mmea, kila mara, hata kama wa jirani yake ulikuwa sawa.

Ukisharudia, tuje kwenye mbegu. Ngoja maganda yageuke rangi ya karatasi ya kaki. Ukichelewa yanapasuka yenyewe na mbegu zote zinakwenda zake, hivyo kata asubuhi, umande ungali juu, maganda yakiwa laini. Tumbukiza mashina kichwa chini ndani ya foronya, funga, tundika mahali pakavu wiki mbili. Halafu ipige foronya ukutani kama una ugomvi nayo. Pepeta. Zilizobaki zimwage kwenye sahani uinamishe: haradali ni duara, itabingirika yote hadi ukingoni, na takataka itabaki nyuma. Mbegu nyeusi-nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote, zinavyokimbia zote pamoja.

Saga. Tia maji, koroga uwe ujiuji mzito. Subiri. Onja kila baada ya muda, moto unapanda pole pole. Ulimi ukisema basi, tia siki na chumvi; siki ndiyo inaushika moto mahali ulipofika. Ukiwahi ni dhaifu, ukichelewa unashuka. Saa haisaidii hapo. Siku tatu za kwanza itakuwa chungu, usiogope, iache chupani ipoe hasira.

Kinu ni hicho hicho. Mawe pia hufa.

Shangazi yako


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Shangazi,

Kwa haraka, dereva wa lori la unga anaondoka na injini inanguruma. Nimevuna, nimepiga foronya mpaka ukuta ukaomba radhi, nimebingirisha. Zilikimbia zote pamoja kama ulivyosema! Nimesaga na kutengeneza jana. Ni chungu sana na moto siusikii bado, nadhani ndiyo hasira yenyewe. Nusu nimebaki nayo, nusu hiyo hapo. Kitambaa cha kifuniko nimekishona kwa mkono, usikitazame sana.

Onja uniambie ukweli. Nangoja hukumu yako kuliko nilivyongoja matokeo ya mtihani.

Kijiko


Tarehe 19 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Chupa imefika salama. Haradali yako ni nzuri mno, imenitoa machozi. Umenipita. Hata kitambaa cha kifuniko umekishona vizuri.

Kuanzia sasa wewe ndiye mwenye haradali katika ukoo huu. Mimi nimepumzika. Kinu nimempa jirani awekee mlango wake usipigwe na upepo.

Shangazi yako akupendaye


Tarehe 4 Julai

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi.

Nilipopata yako nilirukaruka jikoni. Niliisoma kwa sauti mbele ya Afande, “imenitoa machozi”, “umenipita”, nikamwambia huyu aliyeandika ndiye Fundi Fumua mwenyewe. Mchana ule ule nikaifungua nusu yangu, ilikuwa na wiki nne, tuile wote na nyama ya kuchemsha. Afande alipakaa, akatafuna, akaniuliza, “Huu ni uji wa nini?”

Nikaonja. Shangazi, haina kitu. Uchungu kidogo, siki, basi. Haiwashi hata kwa bahati mbaya.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Jumamosi nikasaga mbegu zilizobaki nikapanga vikombe vitatu. Cha kwanza nikatia maji yanayochemka kutoka kwenye birika kubwa, kama nilivyofanya mara ya kwanza, maana hapa amri ya Afande ni kwamba hakuna maji yanayoingia kwenye chakula bila kuchemka. Cha pili nikatia maji yale yale yaliyochemshwa jana yakapoa kabisa. Cha tatu nikaacha kavu. Kavu haina kitu mpaka ikutane na mate. Cha maji ya moto kilikufa pale pale, ni uji. Cha maji baridi, baada ya dakika kumi, kilinitoa mbio hadi mlangoni, na Afande akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kumbe maji ya moto yanaiua. Ningengoja yapoe tu.

Kwa hiyo najua nilikutumia nini. Nilikutumia uji.

Na wewe uliyenifumulisha pindo la sketi mara saba nikiwa na miaka kumi na moja, umeniambia umelia machozi. Umekisifu na kitambaa, ambacho nilikishona gari likiwa linaniungurumia na kimepinda hata aliye ng'ambo ya barabara angeona. Shangazi, hujawahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hujawahi kumpaka mtu yeyote. Ndiyo maana neno lako moja, “haya, pitisha”, nimeliishi nalo miaka.

Kama ungekuwa umeniandikia “huu ni uji, mjinga wewe”, ningefurahi. Sasa nina hofu. Una nini?

Kijiko


Tarehe 12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano sijapata hata mstari. Nimempigia Baba, anasema mzima, duka liko wazi, unashona. Ila anasema pasi umeiondoa, nguo sasa unazipeleka zikapigwe kwa dobi wa mtaa wa pili. Wewe? Uliyesema dobi hajui kupiga kola?

Sikuandika ili kukuaibisha. Nilikuwa na hasira kidogo, nakiri, lakini imeshapita, imebaki hofu. Nijibu hata kwa kunitukana.

Kijiko


Tarehe 29 Agosti

Kijiko mwanangu,

Marahaba, marahaba zote tatu ulizonidai. Baba yako goti limepona, hana tena kisingizio.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeumbuliwa na uji. Basi nisikilize.

Ile homa ya Desemba ilipoondoka ilichukua pua. Niliamka nikanawa, sabuni haina harufu. Nikanywa chai, ni maji ya moto. Nikasema itarudi kesho. Nimesema itarudi kesho miezi minane. Sukari, chumvi, kitunguu, mkate, vyote ni kutafuna tu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kaka yangu angeniita mgonjwa, na wateja wangesema Fundi Fumua amekwisha. Mtaa mzima ulikuwa unakuja kwangu na jani mkononi, “fundi, hii inaliwa?”, nami nalisugua, nanusa, nasema ndiyo au hapana. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Kinu hakikupasuka. Niliogopa. Kutengeneza haradali kunataka ulimi useme basi, na wangu ulikuwa bubu. Pilipili, unajua, daktari alinikataza siku nyingi kwa ajili ya tumbo. Haradali hakuitaja, nami sikumuuliza. Kwa hiyo haradali ilikuwa ndicho kitu kimoja kilichobaki ambacho sikuwa nimekijaribu. Moyoni nilikuwa nimejiwekea: ladha imekwenda, lakini ule moto wa haradali, ule wa kupanda puani, huenda bado upo. Sikutaka kujua. Kama sijaonja, bado upo.

Halafu ikaja chupa yako. Niliiweka mezani siku tatu nikiizunguka. Siku ya nne nikafunga mlango, nikajaza kijiko, nikameza.

Hakuna kitu. Hata mkwaruzo.

Nikasema basi, na huo umekwenda. Niliketi mpaka mteja akagonga dirisha. Wiki ile ile nikaunguza koti. La mwalimu mkuu, sufu ya kijivu, la kumsindikizia binti yake harusini. Pasi ilikaa mgongoni nami nimegeuka kutafuta uzi, na moshi sikuunusa mpaka nilipouona. Fundi asiyesikia nguo ikiungua! Nilimshonea jipya kwa wiki moja, sikulala sawasawa, na pasi nikaiweka kabatini. Ndipo nikakuandikia ile barua. Ningekwambia nini? Ulisema unangoja hukumu kuliko mtihani. Sikuwa na hukumu ya kutoa. Kitambaa sikukitazama hata. Nilikusifu kama watu wanavyosifu wasichokiona, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko koti.

Sasa barua yako ya Julai. Ilikaa siku nyingi hapa kwa sababu nilikuwa naisoma. “Nilikutumia uji.” Nimeisoma, nikaikunja, nikatoka nikazunguka karakana, nikarudi nikaisoma tena. Maana kama ulikuwa uji, basi mimi bado sijajaribu. Sijui nicheke au nikutandike. Miezi miwili nimemzika mtu ambaye labda yuko hai, kwa sababu ya birika la Afande wako! Na kosa ni langu nusu. Niliandika “tia maji”. Katika nyumba hii maji ni ya mtungini, yamechemshwa, yamepoa. Ungejuaje? Halafu ukapanga vikombe vitatu ukatafuta mwenyewe, bila kuuliza mtu. Hapo ulinishangaza kweli, na safari hii nina akili zangu zote. Mimi nilifundishwa maji baridi, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nakutumia mfuko mdogo wa kitambaa. Ni mbegu za huku. Ndiyo, niliendelea kuchuma, nimeshindwa kuacha. Sikuwa na pua ya kunihakikishia, nikategemea sindano na vidole: petali nne, vinne virefu viwili vifupi, malaika kwenye jani, ngazi ya maganda. Mmoja mmoja, mwezi mzima. Nilipozimwaga kwenye sahani zilikimbia zote, haikubaki hata moja nyuma. Nilisimama nikaziangalia nikafurahi kama mtoto. Macho hayajaniacha.

Saga wewe. Onja wewe. Ulimi wako ukisema basi, tia siki. Kisha niletee.

Naogopa, mwanangu. Lakini lete.

Shangazi yako


Tarehe 26 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma barua yako nimeketi kwenye gunia la viazi, na Afande hakuniamrisha kitu kwa nusu saa nzima. Sikukasirika hata kidogo. Nilikupenda mpaka kifua kikauma.

Mfuko niliufungua juu ya kitambaa cheupe. Hakuna bua, hakuna kokoto, hakuna punje ngeni. Afande aliinama akazitazama, akauliza, “Nani kachambua hizi, mashine?” Nikamwambia ni shangazi yangu, kwa sindano. Akavua kofia. Naapa.

Maji nilichemsha juzi. Jana yalikuwa baridi kabisa, nilitia kidole kuhakikisha, nikatia tena. Nikasaga, nikakoroga, nikaonja kila dakika mbili. Ya nne, kama karanga mbichi. Ya sita, inatekenya ncha ya ulimi. Ya nane, pua. Ya kumi, nyuma ya macho. Ya kumi na mbili nikasema basi, nikatia siki. Ladha yake, maana hili huwezi kulipata nami nakupa: mwanzo ni uchungu mfupi, kama ganda la limau, kisha utamu mdogo unaopita mbio, kisha moto, na nyuma ya moto kuna harufu ya majani mabichi kama pale nyuma ya karakana mvua ikikatika. Chumvi imetosha. Siki iko pembeni.

Dereva ni yule yule. Nimemwambia akiivunja asirudi.

Usipohisi kitu, niandikie kwamba hukuhisi kitu. Nitakuja, na nitaonja kila kitu kwa niaba yako maisha yangu yote. Ila usinisifu.

Kijiko


Tarehe 10 Oktoba

Kijiko,

Marahaba. Sisi wazima.

Chupa ilifika jana saa tano asubuhi. Nilimwita kaka yangu aketi mbele yangu, awe shahidi, nikamweleza yote kuanzia Desemba. Alininunia kwa kumficha, kisha akanishika mkono. Nikachukua ncha ya kijiko.

Kwanza hakuna kitu. Nikasema moyoni, basi, ndivyo. Nikakiweka kijiko mezani.

Halafu ikapanda. Mwanangu, ilipanda! Ikaingia puani, ikafika kwenye nyusi, ikakaa hapo ikiwaka. Machozi yakanimwagika mpaka kifuani. Baba yako akakimbilia maji, nikampigia kelele aniache, asinifute, asinipe kitu, aniache niungue. Nimelia haradali yote ya miaka thelathini na mbili. Nikachota tena.

Nikwambie ukweli wote: ladha sikuipata. Uchungu wa ganda la limau, ule utamu unaopita mbio, majani mabichi, hayo nimeyasoma kwenye barua yako huku nikiwaka, mstari kwa mstari, kijiko kwa kijiko. Hivyo ndivyo nilivyoila. Ni mara ya kwanza tangu Desemba nimekula kitu. Msimu ujao mimi nachuma, wewe unaonja. Kinu nimekirudisha, mlango wa jirani umeanza kupigwa na upepo, nitamtafutia jiwe jingine.

Sasa hukumu uliyoiomba. Moto umekaa mahali pake, hapo sina neno. Lakini hukuchekecha mara mbili, kuna ganda limenikwama jinoni tangu jana. Na kile kitambaa cha kifuniko cha Mei nimekitazama safari hii, nimekiweka chini ya kioo kipya cha dirisha nikakipima kwa futi. Kimepinda upana wa kidole kizima. Ndicho hicho ndani ya bahasha, na uzi wa rangi yake nimekuwekea.

Fumua.

Shangazi yako